Moshi Nyuma ya Nyumba

Mwaka tuliohamia kijiji kipya cha ujamaa kule Ngenge, mume wangu aliwaalika wazazi wake na shangazi yake waje kuiona nyumba yetu. Mimi nilitaka kupika ndizi na maharage, kama mkwe anavyotarajiwa. Yeye akasema hapana, tutachoma mbuzi. Alikuwa amejifunza jeshini, na tangu tuoane alikuwa akitafuta sababu ya kunionyesha.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, peke yake katikati ya nyasi, na migomba tuliyopanda ilikuwa haijafika hata kiunoni. Afisa aliyetugawia kiwanja alituhakikishia kwamba hapo hapajawahi kuishi mtu.

Wageni walifika Jumapili baada ya misa. Mume wangu alikuwa amechimba shimo refu mbele ya nyumba, akawasha kuni mapema, na makaa yalipokolea akatandaza nyama juu ya vijiti vibichi. Baba mkwe alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kumtania mwanawe kwamba amekuwa mpishi. Harufu ilikuwa nzuri mno. Nakumbuka nikijisemea kwamba sasa nami nina kwangu.

Tulikuwa tumeanza kula mama mkwe aliponiuliza, "Mwanangu, na kule nyuma umebandika nini?"

"Sijabandika kitu, mama."

Akanyoosha mkono. Nyuma ya nyumba, kwenye nyasi tupu, moshi mwembamba ulikuwa unapanda moja kwa moja kutoka ardhini. Hakukuwa na moto.

Mume wangu alichukua ndoo akamwagia maji. Moshi ukakatika. Hajarudi kuketi, ukatokea hatua chache upande wa kushoto. Akamwagia tena. Ukatoka kwingine, halafu kwingine, mpaka tukaona kwamba unaizunguka nyumba. Upepo haukuwepo, na hakuna aliyekuwa akitafuna.

Shangazi alivua viatu, akatembea polepole akiikanyaga ardhi kama mtu anayepapasa gizani.

"Ni ya moto," alisema. "Leteni jembe."

Mume wangu alichimba pale alipooneshwa. Chini kidogo palikuwa na mzizi mnene, mkavu, umeungua ndani ukabaki tundu kama bomba, na moto ulikuwa unatambaa humo taratibu, ukimulika. Ulikuwa umetoka kwenye shimo letu la nyama ukapita chini ya nyumba. Shangazi alikivunja kipande cha ganda, akakinusa.

"Mtoma," alisema.

Baba mkwe aliweka bilauri chini. Kwetu mtoma hauoti ovyo porini. Mtu huupanda kwenye kibanja chake, shamba linalozunguka nyumba, na zamani magome yake yalifanywa nguo, na wafu walizikwa wamefungwa humo. Nilitazama huku na huko. Kisiki hakikuwepo popote.

"Mlipofika hapa mlimwomba nani?" shangazi akamuuliza mume wangu.

"Tulipewa na serikali, shangazi."

"Sikukuuliza nani aliwapa."

Alikuwa mtu wa kucheka mambo hayo, mume wangu. Siku ile hakucheka. Aliendelea kuchimba akiufuata mzizi, na karibu na ukuta wa chumba chetu cha kulala jembe likagonga jiwe. Yalikuwa matatu, meusi kwa masizi, yamekaa kama mafiga yanavyokaa. Mama mkwe akasema kwa sauti ndogo, kama anayemwamkia mkubwa, "Waitu, tumekuja bila kubisha hodi."

Shangazi alichukua pande la ini, akaliweka kati ya yale mawe, akazungumza Kihaya kwa upole, kama mtu anayezungumza na mwenye nyumba aliyeamshwa. Mume wangu akamwaga rubisi. Kisha tukayafukia mawe palepale.

Moshi haukukoma siku ile. Uliendelea hadi mvua iliponyesha katikati ya wiki, na asubuhi zote hizo niliikuta sakafu ya chumba ina uvuguvugu upande ninaolala mimi, kama pametoka kulaliwa na mtu.

Tulihamisha kitanda. Afisa alipopita tena, mume wangu alimweleza kwamba kiwanja kilikuwa cha watu. Akaulizwa watu gani, na wako wapi. Tuliishi pale miaka mingi, watoto wetu wakazaliwa pale, na kila mkwe mpya aliyeletwa tulimwonesha kwanza mahali pa kutochimba.