Meno Yaliyofukizwa Udi

Nyanya alifunga chuo chake kwa sababu watoto walimtii.

Chuo chenyewe ni ukumbi wa nyuma wa nyumba yetu ya Mtongwe, mikeka na ubao mmoja, ambamo amesomesha Kurani tangu kabla mama yangu hajaolewa. Mtindo wake ni ule wa zamani: mwalimu hutamka, mtoto hukitazama kinywa cha mwalimu, kisha hutamka vile vile. Sasa Nyanya alikuwa ameng'olewa meno yote ya juu, yaliyokuwa yakicheza kwa sukari na ufizi mbovu. Vidonda vilipopona akarudi mkekani. Alipofika kwenye herufi ya thee, ambayo ncha ya ulimi hugusa makali ya meno ya juu, ulimi ulitoka ukakosa pa kugusa. Ikatoka sauti ya upepo. Na watoto wote, kwa adabu, wakatoa sauti ile ile ya upepo.

Hawakucheka. Wangecheka ingekuwa nafuu. Nyanya aliwatazama, akasema, "Leo basi. Nisalimieni wazee wenu."

Jioni aliniambia, "Kosa langu ni langu. Likishaingia vinywani mwa watoto wa watu, nitalitoa vipi?"

Mimi ndio kwanza nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, niko nyumbani natuma maombi ya kazi yasiyojibiwa. Mtu asiye na kazi ana nafasi ya kuogopa kila kitu. Nikaanza kusoma habari za meno kwenye simu. Nikajua kuna meno bandia ya kuvaa na kuvua, na kuna ya kupandikizwa, ambapo daktari hutoboa mfupa wa taya, akatia skrubu ndogo, akangoja mfupa uishike ndipo ajenge jino juu yake. Nikayaogopa ya kwanza kwa kuwa yangeweza kudondoka katikati ya Yasini. Nikayaogopa ya pili kwa kuwa mfupa ni mfupa. Kisha nikaanza kuogopa mambo ambayo hata simu haikuyataja.

"Na udhu je, Nyanya? Maji yasipofika chini ya meno?"

"Kusukutua ni sunna, si faradhi. Miaka yote hiyo umesoma na hilo hulijui? Na nilikusomesha mimi."

"Na ukipiga chafya?"

"Wallahi, wewe wafikiri mpaka nachoka mimi."

Shoga yake wa nyumba ya pili, ambaye huingia kwetu bila hodi, alicheka aliposikia. "Meno mapya! Wataka kuolewa wewe!"

"Nikiolewa nitakuita uje unipambe. Kwa sasa naitaka thee yangu."

Wazazi walisubiri, lakini subira ya mzazi ina mwisho wake. Wengine walianza kuwapeleka watoto madrasa kubwa iliyo karibu na barabara. Mama mmoja alikuja kwa adabu zake zote, akasema kwamba mwezi ukiandama na chuo hakijafunguliwa, watoto wake watatu nao watahamia huko. Wale ndio walikuwa wamebaki. Nyanya alimjibu, "Una haki, mwanangu," akamtilia chai.

Kwa hiyo nikampeleka kliniki ya meno ya Likoni, ghorofani juu ya duka la mabati. Daktari alikuwa mwanamke wa Kigiriama, mwenye msalaba mdogo shingoni na sauti ya taratibu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mjukuu wangu ana maswali. Anza naye, mimi nitangoja."

Daktari aliyajibu yote, hata lile la kama mtu anaweza kuyameza usingizini. "Atayavua akilala," alisema. "Na wewe ulale pia." Kuhusu kupandikiza, alisema sukari ya Nyanya haijatulia, na mfupa wa mtu wa sukari hupona polepole. Tuanze na ya kuvaa. Sukari ikikaa sawa na bibi mwenyewe akitaka, mlango u wazi. Akajaza kijisahani uji mzito wa rangi ya waridi, akaukandamiza kwenye ufizi ili ushike umbo lake. Nyanya akaushikilia mdomoni, macho yamemtoka, akinitazama kama kwamba ndimi niliyeupika.

Meno yalipokuwa tayari tulikwenda kuyachukua. Yalikuwa meupe, yamepangika. Nyanya alijitazama kiooni, akajifunika mdomo kwa mtandio, akaufunua tena. Akajaribu thee. Haikuwa upepo tena, wala haikuwa thee. Daktari akasema kinywa kitazoea.

Tulipofika nyumbani aliyavua akayanusa. "Yananuka dawa. Nitapitishaje maneno ya Mungu juu ya harufu hii?"

Nilikwenda kuoga. Nilipotoka, nyumba nzima ilikuwa yanukia udi. Kwetu chombo kipya hakikaribii kinywa kabla ya kufukizwa: mtungi wa maji hufukizwa, na bilauri za shughuli hufukizwa. Nyanya alikuwa amekaa kwenye kibao chake jikoni. Mbele yake chetezo, makaa mekundu, kipande cha udi kinatoa moshi. Juu ya chetezo alishikilia chujio la chai, na ndani ya chujio mlikuwa na meno.

"Nyanya!"

"Una nini? Sasa yanukia."

Na kweli yalinukia. Lakini ile plastiki ya waridi inayokaa juu ya kaakaa ilikuwa imejikunja pembeni, kama jani la mgomba lililopitishwa motoni. Aliyatia kinywani. Yakamwangukia mapajani.

Aliyaokota. Akayafunga katika leso, akalikaza fundo.

"Basi. Hayakuwa yangu. Mwambie yule mama awapeleke watoto."

Nilijua hatamani kubembelezwa. Nilijua pia kwamba nikikaa kufikiri nitafikiri mpaka mwezi uandame. Nikaichukua ile leso, nikavaa viatu, nikarudi kliniki nywele zikiwa bado mbichi.

Daktari aliifungua leso, akainusa. "Mbona yananukia harusi?"

Nikamweleza. Alicheka mpaka akavua miwani. "Nimeona yaliyochemshwa. Nimeona yaliyotafunwa na mbwa. Ya kufukizwa ndiyo ya kwanza." Kisha akauliza, "Lakini kwa nini harufu ilimsumbua hivyo?"

"Ni mwalimu wa Kurani. Anayataka kwa ajili ya herufi."

Alivaa miwani tena. "Mbona hamkuniambia? Mimi nilijua anataka kula nyama." Akayageuza yale meno mkononi. "Haya yameshakufa, tutaanza upya. Mwambie aje anifundishe hizo herufi. Nataka kuona ulimi unagusa wapi kabla sijayagandisha."

Njia nzima nilipanga maneno ya kumshawishi Nyanya, nikayapanga upya, nikayafuta. Nilipofika nikasema tu, "Daktari anataka umsomeshe."

"Nimsomeshe nini?"

"Thee."

"Yeye Mkristo, ataitaka ya nini?"

"Aone ulimi unagusa wapi, ayapange meno hapo."

Akachukua buibui lake msumarini. "Mwanafunzi hafukuzwi mlangoni," alisema.

Kipimo kikachukuliwa tena. Tuliporudi siku ya kujaribu, meno yalikuwa yamepangwa juu ya nta, kwa hiyo yaliweza kusogezwa kabla ya kuingizwa kwenye plastiki. Nyanya aliyavaa. Daktari alisogeza kiti chake mpaka magoti yao yakakaribiana, akakitazama kinywa cha Nyanya jinsi watoto wanavyokitazama.

"Anza, bibi."

"Thee."

"Tena."

"Thee. Hapana, yako mbele mno. Ulimi wafika kabla ya wakati."

Daktari aliyatoa, akapasha moto kisu chembamba, akayarudisha nyuma kidogo sana, kiasi ambacho mimi sikukiona. Wakaendelea: thee, dhali, kisha fee, ambayo meno hugusa mdomo wa chini. Daktari mwenyewe akajaribu.

"Toa ulimi kidogo," Nyanya alimwambia. "Usiogope, hakuna anayeutaka."

Fundi wa meno alichungulia kutoka chumba cha pili kuona kulikoni. Daktari alimwambia akae asikilize, maana yeye ndiye atakayeyamalizia.

Meno yalikuja nyumbani mwezi ukiwa haujaandama. Safari hii Nyanya aliyaosha kwa maji baridi na sabuni laini, akasukutua kwa maji ya karafuu, akakiacha chetezo kilipo. Akatuma salamu kwa yule mama.

Watoto walikuja asubuhi, mama yao akaketi kizingitini kusikiliza. Hakusema amekuja kupima, lakini hakuvua mkoba begani. Nyanya aliketi, akaandika herufi ubaoni.

"Thee."

Ilikuwa karibu. Ilikuwa na mluzi mdogo ndani yake. Watoto walifungua vinywa kurudia, naye akainua mkono.

"Msirudie kwanza. Leo nisikilizeni tu. Ikiwa haijakuwa, semeni bado."

Wakatazamana. Nani humwambia mwalimu bado? Nami jikoni nilikuwa nimeshaandaa maelezo kwamba kinywa huchukua wiki kadhaa kuzoea, kwamba kusoma kwa sauti kila siku ndiyo dawa. Hakuna aliyeniuliza.

"Thee," alisema Nyanya.

Mdogo wao, msichana aliyeng'oka meno ya mbele, alisema polepole, "Bado, Mwalimu."

Mama yake alitaka kumkemea. Nyanya akamzuia kwa kichwa. "Ahsante. Thee."

"Bado."

"Thee."

Wakanyamaza wote.

"Mbona kimya? Mmelala?"

"Imekuja, Mwalimu," alisema mkubwa wao.

"Basi rudieni."

Wakarudia. Wawili waliipata. Yule mdogo akatoa upepo mtupu, akajishika mdomo.

"Wewe bado," Nyanya alimwambia. "Lakini yako yataota yenyewe. Tena."

Wakaanza tena. Mama yao akasimama, akavaa viatu vyake, akasema atakuja kuwachukua adhuhuri.