Barua ya Bwana Mwenye Ndege

Kwetu Magongo, upande wa Changamwe, ndege hupita chini hata unaona magurudumu yakitoka tumboni. Mgeni akija mara ya kwanza huinama. Sisi wenyeji tulikuwa tukinyamaza tu, maneno yanakatika, ikishapita tunaendelea pale tulipoachia. Binti yangu wa tatu hakuwa akinyamaza. Tangu hajaota meno ya ukubwani alikuwa akitoka uani na kusema, "Hiyo ya Ulaya, leo imechelewa," au, "Huyu anakuja vibaya, atazunguka tena." Na kweli ndege itazunguka. Nami na sufuria yangu mkononi nikimtazama, nisijue nicheke au nimsomee Ayatul Kursi.

Kazi yangu mimi ilikuwa kujua watu. Sikusoma sana, chuoni nilihitimu Kurani, kuandika nilijifunza ukubwani kwenye ngumbaru. Lakini jina la mtu likiniingia kichwani halitoki, wala la baba yake, wala la mama aliyemzaa huyo baba. Kwa hivyo mwenye binti akiletewa posa, kuanzia Changamwe mpaka Kisauni na Likoni, alikuja kwangu. "Bibi, hebu nitazamie kijana huyu." Nami hutwaa buibui langu nikaenda, nikanywa chai nyumba mbili tatu, nikarudi na habari. Majina hayo yote ninayo mpaka leo. Hapa nimeyaacha, kwani wengine wako hai, na wengine wana wajukuu wanaosoma.

Huyo binti basi akawa rubani. Shamba la minazi alilorithi baba yake kule Likoni liliuzwa ili asome, na maneno tuliyoyasikia siku zile za miaka ya themanini siyaandiki. Alipomaliza alipata kazi Nairobi, kurusha vindege vya watalii, mbugani na Lamu. Miaka ya tisini ilipoanza alikuwa na umri wa miaka ishirini na sita, hajaolewa, na shirika kubwa la ndege lilikuwa limemkubali. Alitakiwa ajibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kwa nini hakujibu siku ile ile, mimi sikuelewa.

Jumamosi moja, baada ya alasiri, tukasikia hodi. Wazee wawili, kanzu zimepigwa pasi, makoti, kofia za mkono. Mmoja amebeba sinia iliyofunikwa kitambaa cha kufuma. Wifi yangu, dada wa mume wangu, ndiye aliyefungua mlango, na kabla hajaitikia salamu alikwisha kuiona ile sinia. Akaniangalia. Nami nikamwangalia.

Mume wangu aliwakaribisha ukumbini. Alikuwa mwendesha kreni bandarini, mtu wa maneno machache. Wakanywa kahawa, wakaulizana hali mpaka ya majirani. Mwisho yule mzee mkubwa akafunua sinia: halua sahani nzima, na kando yake bahasha nyeupe iliyofungwa.

"Bwana wetu wa Bamburi ametutuma," akasema. "Ni yule mwenye ndege yake. Ametutuma kwa heshima kwenu wazazi, kwa habari ya binti yenu. Maneno yake yamo humu. Jibu tutalifuata Ijumaa baada ya sala."

Wakaondoka.

Sasa, kwetu barua ya posa haifunguliwi na mtu mmoja. Hukaa mpaka ami na wajomba wakutane, ifunguliwe mbele yao. Mume wangu akaitia kabatini chini ya mashuka, akafunga kwa ufunguo. Wifi yangu alikuwa haketi.

"Mwenye ndege yake, wifi! Wallahi Mungu hamsahau mja wake. Mahari ataleta bawa moja."

"Bawa utaliweka wapi, wewe?"

"Nitaanikia nguo."

Tukapiga simu ya dukani hadi kazini kwake Nairobi, tukamwachia maneno: njoo Ijumaa, kuna jambo la heri. Mimi nikatwaa buibui langu. Nilikuwa nimechunguza wachumba wa watoto wa watu kwa miaka mingi. Huyu alikuwa wa mwanangu.

Nilianzia Bombolulu, kwa mwanamke aliyepika nyumbani kwa bwana yule miaka kumi na moja kabla miguu haijamshinda. Tulikuwa tukijuana tangu mama zetu. Alinikalisha kwenye mkeka, tukachambua mchicha wake pamoja.

"Anaswali?"

"Hakosi."

"Watu wake anawalipa?"

"Kabla jasho halijakauka. Dereva wake alipofiwa na baba, yeye ndiye aliyeingia kaburini kumpokea."

"Ana wake wangapi?"

"Mmoja, na huyo mmoja anamwogopa."

Tukacheka. Nikamuuliza lile ambalo huuliza mwisho siku zote. "Hasira je?"

Akaacha kuchambua. "Hana hasira," akasema. "Ana haraka." Kisha akanielekeza Likoni, kwa nahodha aliyewahi kuendesha boti yake ya kuvulia samaki wakubwa na wageni wake. "Huyo atakueleza haraka hiyo ni ya namna gani."

Siku ya pili nikavuka feri. Nahodha nilimkuta nje ya nyumba yake anapaka chokaa ukuta, mtu mzima, mwembamba, mpole. Alipojua mimi ni mke wa nani na mtoto wa nani, akanawa mikono, akanipa kiti, yeye akabaki amesimama.

"Bwana yule ni mtu mwema, mama," akasema. "Sitamsema."

"Sikuja kutaka umseme. Nataka kujua kwa nini uliacha kazi."

"Siku moja nilimwambia bahari imechafuka, hatuendi. Akaniambia, nahodha, wageni wangu wanaondoka kesho, twende. Sikupenda kumvunjia heshima mbele yao. Tukaenda. Tukarudi salama, na samaki. Kesho yake akanipa saa ya mkononi, saa nzuri. Siku ya tatu nikaacha kazi."

"Kwa sababu alikulazimisha?"

"La. Kwa sababu nilifurahi kupewa saa." Akatazama ule ukuta wake. "Nikajua nitazoea."

Nimesikia mengi katika vikao vyangu vya posa, lakini mtu aliyejikamata namna ile sijamwona tena. Nikarudi Magongo.

Ijumaa ilifika. Ami mkubwa wa binti yangu alikuja na mjomba wake alikuja. Binti yangu alifika asubuhi, amevaa suruali yake ya kazi, shangazi yake akamkimbiza chumbani avae dera. Alipouliza kuna nini akaambiwa angoje wanaume watoke msikitini. Baada ya sala mume wangu akafungua kabati, akamkabidhi ami barua. Ami akasoma Fatiha, akaifungua, akaitazama, akaigeuza, akaitazama tena.

"Ni Kizungu," akasema. "Mwiteni mwenyewe."

Binti yangu akaisoma amesimama. Nikaona midomo yake inaanza kutetemeka, nikadhani analia. Kumbe kicheko. Alicheka mpaka akaketi chini.

"Hii ni barua ya kazi! Anataka nimrushie ndege yake. Mama, mmeiweka kabatini tangu Jumamosi?"

"Na sinia je? Na halua?" shangazi yake akamaka. "Nani huomba mfanyakazi kwa halua?"

Baadaye yule mzee alitueleza mwenyewe, amejaa haya: hakuona ni adabu mwari wa watu aandikiwe kwa posta asafiri nchi za mbali na wazazi wake hawajui. Kwa hivyo alikuja kama baba yake alivyomfundisha kwenda nyumbani kwa watu.

"Kwa hivyo hakuna harusi?" wifi yangu akauliza tena.

"Kuna kazi, shangazi."

"Na halua tumekwisha kuila."

"Halua ni halali yenu."

Wanaume walipoondoka alituketisha, mimi na baba yake, akatufasiria barua nzima. Ndege yenyewe aliijua, aliiona mara nyingi uwanjani. Alisema ni nyembamba kama sindano, na alipoisema macho yake yalikuwa mengine. Kwa bwana yule angekaa kiti cha rubani mkuu baada ya mwaka mmoja. Angeona Ulaya, Bara Hindi, Arabuni. Mshahara ulipita ule wa shirika kwa mbali, na tena tungeletewa simu yetu ndani ya nyumba, ili bwana akitaka kuondoka ampigie. Hapo shangazi yake aliyekuwa mlangoni akasema, "Simu! Magongo!" akatokomea jikoni kufikiria.

Kwa shirika, angekaa kiti cha kulia, msaidizi, miaka saba au minane, akingoja zamu yake nyuma ya wanaume waliotangulia. Lakini ratiba ingetoka mapema, na Idi angejua atakuwa wapi. Rubani wa ndege ya mtu mmoja hajui. Hukaa hotelini siku tatu anangoja, mkoba uko tayari.

"Unataka ipi?" baba yake akamuuliza.

"Nataka ile sindano," akasema. "Naitaka sana, baba."

Nikaona nisimfiche. Nikamweleza yote: Bombolulu, mchicha, Likoni, nahodha na saa yake. Nilidhani atanicheka kwa kumchunguza bwana wa kazi kama bwana harusi. Hakucheka. Aliniuliza maneno ya nahodha mara mbili, neno kwa neno, kama anavyouliza mtu wa mahakama.

"Na shirika, mama, umelichunguza?"

"Nitalichunguza kwa nani? Shirika halina mama wala mjomba."

Sasa ndipo alipocheka. Kisha akasema kwamba kwa shirika, rubani akisema leo hatuondoki, mwenye kampuni hayuko nyuma ya kiti chake. Abiria watanung'unika, wakubwa watataka maelezo yaandikwe, basi. Hakuna aliyekula naye chakula jana akamgusa bega na kumwambia twende. Lakini hakuamua pale. Yule mzee alipokuja kufuata jibu, alimwambia kwa adabu kwamba angependa kumwona bwana mwenyewe, na wazazi wake wawepo.

Tulikwenda Bamburi kesho yake. Bwana alitupokea barazani kwake, mtu mfupi, mchangamfu, akampa mume wangu kiti chake mwenyewe. Alipojua kisa cha barua yake kuwekwa chini ya mashuka alicheka mpaka akafuta machozi. Nilimpenda, sitaficha. Binti yangu alingoja amalize kucheka.

"Baba yangu," akamwambia bwana yule, "nina swali moja tu. Siku nitakayokwambia leo hatuendi, utafanyaje?"

Mtu mwingine angejibu upesi, "Wewe ndiye rubani, neno lako ndilo." Yule bwana hakujibu upesi. Alimtazama kama anayemwona sasa.

"Nitakuuliza tena," akasema. "Sitakudanganya, binti yangu. Nitakuuliza mara ya pili, labda ya tatu. Ndivyo nilivyo. Kila nilicho nacho nimekipata kwa kuuliza tena."

"Mara ya pili nitasema hapana," akasema binti yangu. "Ya tatu pia nitasema hapana. Naiogopa ya arobaini, baba. Kwa kuwa wewe ni mtu mwema, na mimi nitakuwa nakupenda."

Nilimzaa mimi, nikamnyonyesha, lakini siku ile nilimtazama kama mtu niliyemkuta kwa watu. Bwana akainama kidogo, akasema ni hasara yake. Alitusindikiza mwenyewe mpaka langoni. Njiani binti yangu alilia, na baba yake alimwachia alie.

Kazi ile aliichukua mwenzake, kijana aliyesoma naye. Alikuwa rubani mkuu baada ya mwaka mmoja kama walivyosema, akaona dunia, na hakuna baya lililompata, alhamdulillah. Nayasema haya makusudi, ili asije mtu akadhani ni msiba wa mwingine uliompa binti yangu haki. Yeye alikaa kiti cha kulia huko shirikani miaka minane. Alifundishwa na watu aliowazidi akili. Mmoja alimwita "mama mpishi" safari nzima, naye akamjibu kila alipoulizwa, namba kwa namba. Kila nilipomuuliza kama anajuta alisema, "Ile ndege ni nzuri, mama." Hakuwahi kusema zaidi.

Mwisho mwisho wa miaka ya tisini, wiki ya harusi ya kitindamimba wangu, mimi na wifi yangu tulikwenda uwanjani kupokea wageni wa kutoka Nairobi. Binti yangu alikuwa amepata cheo cha rubani mkuu miezi michache tu nyuma, na ndege ya wageni hao aliirusha yeye. Saa ya kufika ikapita. Ikapita saa nyingine. Watu wakaanza kupiga kelele kaunta. Msichana wa pale akawaambia kwamba Nairobi kuna mvua ya radi, ndege ilikuwa imejaa abiria tayari, rubani amekataa kuondoka.

"Rubani gani huyu anayeogopa mvua!" akafoka bwana mmoja wa suti. "Wenzake wameondoka!"

Wifi yangu akainuka. "Wallahi nitamwambia ni mtoto wa nani."

Nikamvuta buibui. "Kaa."

"Anatukanwa hivi, wifi?"

"Kaa, nimekwambia. Mwache aulize."

Bwana yule aliuliza tena, na tena, na kila mara msichana alimjibu yale yale. Magharibi iliingia, tukaswali pale pale pembeni. Ndege ilipotua hatimaye, wa kwanza kutoka alikuwa mke wa bwana yule na mtoto mchanga kifuani, bwana akawakimbilia, hana habari tena na rubani. Wageni wetu wakatoka wamechoka, wakilalamika njaa. Yeye akatoka wa mwisho, kofia kwapani, nguo zimemshika mwili kwa jasho.

"Shikamoo mama. Shikamoo shangazi. Mmengoja sana?"

"Marahaba," nikasema. "Tumengoja."

Nikampokea mkoba wake. Ulikuwa mzito, akataka kuninyang'anya, nikakataa.