Mhariri Aliyezikwa Mfangano

Katika saiba moja ya Rongo, duka la intaneti, mhadhiri aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni alikuwa karibu kumlipa mchapishaji wa mtandaoni amtolee makala. Bila makala, chuo hakimpandishi cheo. Na mchapishaji huyo hupokea bitikoini tu, pesa ya mtandaoni ambayo ikishatoka hairudi.

"Dokta, umehakikisha hawa ni watu wa kweli?" mwenye saiba akauliza.

"Mhariri wao ni profesa. Picha yake hii hapa. Amenijibu asubuhi!"

Mama mmoja aliyeleta picha ya marehemu mumewe ikuzwe akachungulia kompyuta, kisha akaitazama picha mkononi mwake. Tai ileile, tabasamu lilelile.

"Yawa! Huyu ni bwanangu. Tulimzika kisiwani Mfangano."

Kidole cha mhadhiri kiliganda juu ya kitufe cha kulipa.

"Mama, una hakika alikufa?"

"Hiyo tai tulimzika nayo. Muulize jina la kifungua mimba wetu."

Mhadhiri akamwandikia mhariri swali hilo. Jibu likaja papo hapo: "Swali lako litashughulikiwa baada ya malipo."

Mhadhiri akazima kompyuta, akaondoka bila kuaga mtu.

Jibu hilo nimelipata katika ofisi nyingi za umma. Kutoka kaburini, ni mara ya kwanza.