Pazia la Maua Kwenye Harusi ya Minza

Kuna siku moja siisahau, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu inanichemka kana kwamba ni jana. Ilikuwa siku ya harusi ya Minza, binti wa wafugaji wa Mwamapalala, aliyeolewa hapa Bariadi na kijana aitwaye Sitta, mtoto wa mnunuzi wa pamba.

Mimi nilikuwa msichana tu, nimemaliza shule, naishi kwa shangazi yangu Holo. Kazi yake ilikuwa kupamba harusi. Usidhani kupamba kumeanza na ninyi wa simu. Wakati huo Bariadi haijawa mji wa mkoa, kumbi kama hizi za leo hazikuwepo, na mwenye wageni wengi alikodi ghala la pamba kabla msimu haujafunguliwa. Ungeliona ghala lenyewe! Paa liko juu huko, kuta tupu, ukikohoa upande huu sauti inakurudia kutoka upande ule. Ukiwaweka watu wa harusi humo bila akili, wanaonekana kama wamekuja kusubiri mahindi ya msaada.

Shangazi alijua la kufanya. Tulivuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta, chini sana ya paa, tukazivisha matawi ya mwarobaini na maua mekundu ya bogonvilia, mpaka mtu akiinua macho anakutana na maua badala ya mabati. Meza hatukuzipanga safu kama darasani. Tulizisogeza ziwe nusu duara kuwaelekea maharusi. Juu ya kila meza tukaweka bakuli la alizeti zilizokatwa fupi, ili mtu amwone usoni aliyeketi mbele yake. Nyuma kabisa palibaki nafasi kubwa isiyo na kazi. Hapo tukashusha pazia la maua kutoka kwenye kamba hadi sakafuni, macho ya watu yasipotelee kule kwenye utupu. Tulipomaliza nikasimama mlangoni kutazama. Lile ghala lilikuwa limegeuka sebule ya mtu. Hata sauti zetu zilikuwa zimeshuka zenyewe.

Sasa sikia walichokifanya.

Mwenyekiti wa kamati ya harusi alikuwa mama mkubwa wa bwana harusi, mama wa mjini, mkali kwa kila mtu. Sisi tulipokwenda nyumbani kuoga na kubadilisha nguo, huku nyuma akaagiza mabenchi yapangwe nyuma ya lile pazia. Ndugu za Minza walipofika na lori kutoka Mwamapalala, wakaelekezwa huko. Baba mzazi, mama mzazi, bibi, wajomba, wote nyuma ya maua! Kwenye meza zetu za alizeti wakaketi watu wa ofisini na wafanyabiashara wenzao.

Niliporudi nikachungulia nyuma ya pazia, nikamkuta mama yake Minza ameketi na kitenge kipya, mikono mapajani. Maua tulikuwa tumeyaelekeza mbele, kwa hiyo upande wake yeye alikuwa anatazama vijiti na mafundo ya kamba.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu kwa Kisukuma, kama anavyosalimiwa mama.

Akaitikia vizuri, kisha akaniuliza taratibu, "Mwanangu, na sisi harusi tutaionea wapi?"

Nilitoka pale machozi yananitoka kwa hasira, nikamwambia shangazi. Alimfuata mwenyekiti moja kwa moja.

"Kwa nini umewaficha wazazi wa bibi harusi?"

"Sijawaficha. Wako na wenzao, wako huru. Wakikaa mbele na zile fimbo zao, picha zitakuwaje?"

"Mama mzazi anaharibu picha?"

"Holo, tulikuita upambe. Hatukukuita upange wageni."

Kabla shangazi hajasema neno lingine, vigelegele vikasikika nje. Maharusi wameingia.

Minza alitembea pole pole, amemshika Sitta mkono, huku macho yake yanapita meza moja baada ya nyingine. Alipofika katikati akasimama. Mpiga muziki akadhani ni madaha, akaongeza sauti. Minza akamgeukia mwenyekiti.

"Mama yangu yuko wapi?"

"Yupo, mwanangu, twende mbele."

"Yupo wapi?"

Muziki ukazimwa. Nyuma ya pazia mama yake alikuwa ameisikia sauti ya mwanawe, akapiga kigelegele kimoja, peke yake. Sijawahi kusikia kigelegele cha kuumiza namna ile.

Minza akauachia mkono wa Sitta, akakusanya gauni lake, akalipasua pazia kwa mabega na kuingia. Akaketi kwenye benchi, katikati ya mama na bibi yake. Hakulia, wala hakumtukana mtu. Alikaa tu, kama aliyefika alikokuwa anakwenda.

Sitta alibaki amesimama peke yake mbele ya wageni wote. Nilimwonea huruma, lakini nilitaka kuona ni mwanamume wa namna gani. Akamtazama mama yake mkubwa, kisha akamfuata mkewe. Alichuchumaa mbele ya baba mkwe akasema, "Baba, nisamehe. Sikujua mmewekwa huku."

Hapo shangazi akapanda ngazi na kisu chake, akakata kamba. Pazia zima likaanguka. "Bebeni viti!" akapaza sauti. "Leteni na maua!" Na watu wakabeba kweli. Mzee mmoja wa ofisini, na tai yake, alikuja amekumbatia bakuli la alizeti akaliweka miguuni pa bibi yake Minza. Wageni wakawazunguka wale wa kwenye mabenchi, magoti kwa magoti, na harusi ikaanzia pale pale.

Mwenyekiti alibaki meza kuu. Mama yake Minza alimfuata, akamwambia mbele yetu, "Mama, mtoto tumewapa kwa moyo mmoja. Sasa kututazama tu kunawashinda nini?" Mwenyekiti akainamisha kichwa. Kuomba radhi hakuomba, mpaka anakufa.

Shangazi yeye aliilipia siku ile. Kwa muda mrefu wakubwa wa mji huu hawakumwita. Alikuwa anafuata kazi Maswa na Malampaka, anapanda basi na magunia ya maua ya kitambaa. Hakujuta hata siku moja.

Ninachokasirikia leo ni kwamba mnarudia yale yale. Mwezi uliopita nimealikwa kwenye ukumbi mpya hapa mjini. Ukuta wa maua umesimama kama boma, majina ya maharusi yanawaka taa, na wazee waliowalea maharusi wamepangwa karibu na mlango wa jikoni, moshi wa pilau unawaingia machoni. Mezani kwangu kulikuwa na chombo kirefu cha maua, nikala chakula bila kumwona niliyeketi naye. Eti huo ndio upambaji!

Mwanangu unayepamba, nisikilize. Ukipewa ukumbi mkubwa, shusha maua yafike karibu na vichwa vya watu. Ya mezani yaishie chini ya kidevu. Sogeza meza, acha watu wagusane viwiko. Nafasi iliyozidi ifunge, lakini kwanza nenda kwa miguu yako uhakikishe upande wa pili hakuna binadamu. Kabla ya kufunga ua la kwanza, uliza wazazi wa pande zote mbili watakaa wapi, na ua hilo la kwanza liende kwao. Mwenye kazi akikuagiza ufiche mtu, mkatalie. Atakutangaza vibaya, nakuambia ukweli, na utakosa kazi. Kataa hivyo hivyo.

Na wewe unayeolewa au kuoa, kabla hujaketi, tazama nani hayupo.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu. Akupe kazi usiyoionea haya kuisimulia kwa wajukuu, na siku ya kwako, waliokubeba mgongoni wakae karibu nawe kiasi cha kukufuta jasho.