Gauni Lililokwenda Mbeya

Harufu ya Tukuyu ya utoto wangu ni ya nguo zilizokaushiwa jikoni. Masika yakishaanza, jua tulilisikia redioni tu. Mama alifunga kamba juu ya mafiga, na sare zetu zikaning'inia pale siku tatu zikinywa moshi, mpaka darasa zima likanuka chakula cha jioni. Hatukujali, maana sote tulinuka vivyo hivyo. Aliyejali alikuwa baba. Duka la ushirika alikokuwa akiuza lilikuwa limefungwa, biashara imekuwa ruksa kwa kila mtu, naye akapata kazi Mbeya kwenye duka jipya la nguo za kutoka nje. Kila alfajiri alipanda basi la kwanza chini ya boma la Wajerumani, jioni akarudi. Mwajiri wake alimwambia waziwazi kwamba muuza nguo hawezi kunuka moshi. Hapo mama akapata akili: kwa kuwa Mbeya kuna jua, basi nguo zetu ziende Mbeya. Tangu siku hiyo baba akawa anaondoka na mfuko wa nguo mbichi, anazianika uani nyuma ya duka, anarudi nazo kavu. Majirani walitucheka sana, kisha mmoja mmoja wakaanza kuleta za kwao.

Mwaka wa kipaimara changu mama, aliyekuwa na cherehani barazani, alinishonea gauni jeupe lenye kola ya duara na vifungo vidogo vilivyofunikwa kwa kitambaa hicho hicho. Nililipenda mpaka nikaona aibu. Mchungaji alikuwa ametangaza kwamba asiyevaa nyeupe hatasimama mbele. Ijumaa mama alilifua kuondoa alama za chaki, na mvua ikagoma kukatika. Moshi wa jikoni ungelibadilisha rangi, kwa hiyo Jumamosi likaenda Mbeya.

Baba hakukusudia. Gauni lilipokauka alilitundika dukani lisipate vumbi, akaenda stendi kuchukua mzigo. Aliporudi, mke wa mwenye duka alikuwa ameshaliuza. Jioni ile alisimama mlangoni kashika gauni la njano lenye marinda, alilopewa kama fidia. Nililia mpaka nikashikwa na kwikwi. Mama alivuta kitambaa cheupe cha meza alichokifuma mwenyewe, akanipima nacho mabegani.

Ibada ya kesho yake ilikusanya sharika kadhaa. Niliingia kanisani njano chini, kitambaa cha meza juu, nikimwomba Mungu mchungaji asitazame. Alitazama, akakohoa, akaendelea. Nikashusha pumzi, nikamgeukia msichana niliyeketi naye, mgeni kutoka Nkunga, na hapo nikaviona vile vifungo. Gauni langu lilikuwa limemkaa vizuri kuliko nilivyotaka. Nilimchukia tangu wimbo wa kwanza hadi baraka.

Nje, mama alikuwa ameshaliona. Nilimshika mkono nikingoja amwambie ukweli mama wa yule msichana. Badala yake alimsifia gauni la bintiye.

"Ndaga, mama," yule mama alishukuru, uso umemchanua. "Tumelifuata Mbeya. Huku kwetu hakuna fundi wa kushona hivi."

Mama alimtazama yule msichana akijizungusha gauni lipepee, akasema kwamba kweli, amependeza. Tulipofika njiani akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye jiwe lililolowa, baba akicheka kwa woga pembeni yake. Jumatatu baba alipanda basi na magauni mawili ya mama, safari hii si ya kukausha bali ya kuuza. Kwa miaka mingi watu wa Tukuyu walisafiri hadi Mbeya kununua nguo zilizoshonwa barazani kwetu.

Leo ni mimi ninayekwenda kazini Mbeya na kurudi kila siku. Mji umekula migomba tuliyokuwa tukichezea chini yake, maduka ya nguo yamepangana hadi stendi, na watu wa Mbeya wanakuja kupanga vyumba huku. Mvua tu ndiyo haijasikia habari za maendeleo. Mwaka jana, siku mbili kabla ya kipaimara cha binti yangu, gauni lake lilikuwa bado bichi, nikalikunja niende nalo ofisini. Mama, ambaye siku hizi hatungi uzi kwenye sindano bila miwani, alilitoa mikononi mwangu na kuagiza pasi ya mkaa.

"Hili haliendi Mbeya," alisema.