Milango Minne ya Ammi Sleyum

Ibra ni mji wa Landkruza, na ukitaka ugomvi bisha hilo. Wanaume wa Ibra wakikutana, iwe harusini au msibani, hawachelewi kufika huko: ya nani mpya, ya nani imezama mchangani kule Al Mintirib, ya nani imepanda Jabal al Akhdar na mizigo juu bila kupumua. Ukiwa na gari jingine watu hukuulizia hali yako kwa huruma, kama una maradhi. Basi Sleyum bin Nasr, mstaafu wa idara ya maji, alikuwa mgonjwa wa miaka mingi. Gari lake lilikuwa la Kitaliani, Maserati Kwatroporte, refu, jeusi, na la chini kiasi cha kwamba kila tuta la barabarani lilimtoa jasho.

"Jina lake tu, maana yake milango minne," alikuwa akiwaambia majirani.

"Hata teksi ina milango minne, Ammi Sleyum," walimjibu, na wakacheka.

Hapo hamaki ilimpanda. Teksi! Akawaeleza, hata kama wameshaanza kuondoka, kwamba Wataliani zamani gari la mbio walilitengeneza kwa milango miwili na viti viwili, gari la mtu asiye na mama, asiye na watoto, asiye na wakwe. Mtu wa namna hiyo yuko wapi duniani? Ndipo mwaka sitini na tatu, kwenye maonyesho ya Torino, ikatolewa Kwatroporte ya kwanza: injini ya silinda nane yenye asili ya magari ya mashindano, juu yake mwili wa gari la watu wa heshima. Mtu aende mbio na asimwache mtu nyuma. Wengine wakafuata. Iso wakatoa Fidia yao, De Tomaso wakatoa Doville, Lancia wakachukua gari la baba wa nyumba wakalitia injini ya Ferrari. Na Ferrari wenyewe walionyesha la milango minne mwaka themanini, likaitwa Pinini, wakaishia kulionyesha tu. Sleyum alipofika kwenye Pinini alikuwa akitikisa kichwa kama anayesimulia uchumba uliovunjika, na kwa kawaida hapo mbele yake hakukuwa na mtu tena.

Mapenzi hayo aliyapata Kuwait. Alizaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, na baada ya mapinduzi alitolewa kisiwani akiwa kijana wa ndevu za kuhesabika, akapelekwa kwa ami yake Kuwait, akapata kazi ya kuosha magari kwenye gereji. Siku moja tajiri mmoja akaingia na Kwatroporte ya lile toleo la kwanza. Sleyum akakimbilia na ndoo yake. Tajiri akashuka, na mlango wa nyuma ukafunguka, akashuka bibi mtu mzima, mama yake, taratibu, kwa mlango wake mwenyewe, bila kujikunja na bila kumruka mtu miguu. Kijana akabaki na sabuni mkononi. Mama yake yeye alikuwa amebaki Malindi, na alikufa huko bila ya kumwona tena. Watu wakidhani Sleyum alipenda injini, walikosea. Alipenda ule mlango wa nyuma.

Oman ilipofunguka kwa watoto wake wa nje, alikwenda nchi ya mababu zake, akapata kazi Ibra, akaoa. Gari alilipata miaka ya tisini, la mkono wa pili, toleo la tatu, lile lililochorwa na Giugiaro, mbao za kung'aa na ngozi rangi ya halua, kwa bwana mmoja wa Maskati aliyekuwa akihamia nje. Mkewe Ghaniya, naye mzaliwa wa Unguja, alitoka uwanjani akalizunguka, mikono kiunoni.

"Umenunua gari, Sleyum, au umeniletea mke mwenzangu?"

"Panda kwanza, ndiyo useme."

Akapanda, akapapasa mbao, akanusa ngozi, akafunga mlango na kuufungua tena ili ausikie. "Basi na akae," alisema. "Lakini mbele ni pangu."

Kila walipokwenda Sur, kwa dada yake Ghaniya, Bi Fakhriya, watoto wawili walikaa nyuma, Asaad dirisha hili na Shatha dirisha lile. Skuli walisoma Kiarabu, barazani Kiarabu, runinga Kiarabu. Sleyum akatia sheria: ndani ya gari hili ni Kiswahili. Na kwa kuwa dereva ndiye mwenye hadithi, Kiswahili walichokipata watoto kilikuwa cha silinda, gia, na Wataliani. Ghaniya alijaribu kutia ngano za sungura, akashindwa. Mpaka leo Asaad hajui kumpa mfiwa pole kwa Kiswahili kilichonyooka, lakini muulize toleo la pili, la mwaka sabini na nne, lililovutwa na magurudumu ya mbele na kutengenezwa machache yasiyozidi ya kujaza uwanja wa nyumba, atakueleza.

Ghaniya alifariki miaka minne iliyopita, kwa maradhi ya moyo. Watoto walikuwa wameshahama, Asaad Maskati, Shatha anasomesha Nizwa. Sleyum akabaki na nyumba ya vyumba vingi na gari la milango minne, ukifunguka mmoja. Alikwenda nalo sokoni, msikitini, akalizungusha mpaka Al Kamil na kurudi bila ya haja yoyote. Ndani humo alikuwa akisema peke yake. Alianza na mwaka sitini na tatu, akifika toleo la tano, lile la Pininfarina lililowarudishia watu hamu ya gari hili, sauti ilikuwa imemkauka, akanyamaza. Upweke ulimuuma, na hakuwa mtu wa kujidanganya kuhusu hilo. Kilichomuuma zaidi ni kwamba watoto wake walikuwa hawapandi tena gari lake. Wakija Ibra, wakitaka kwenda mahali, kila mtu hukimbilia la kwake. Aliamini wanalionea haya, gari kuukuu, la mzee.

Idi hii aliazimia. Siku ya pili, kama ada, ukoo mzima ulikuwa uende Sur kumwamkia Bi Fakhriya, na Sleyum aliliosha gari tangu alfajiri, akazipaka mbao mafuta. Alitaka mtu mmoja tu. Mtu mmoja akae ndani yake mpaka Sur.

"Shikamoo, Baba," Asaad alisema, akaubusu mkono wake. "Panda na sisi. Landkruza ina nafasi, na eisii yake baridi kama Ulaya."

"Marahaba. Na langu nimwachie nani? Pandeni nyinyi kwangu."

Asaad akamtazama dada yake, Shatha akatazama chini. "Inshallah, Baba, mara nyingine," Asaad akasema. "Watoto wana viti vyao mule, ya'ni, tabu kuvihamisha."

Sleyum alipanda gari lake, akainyoosha kanga iliyofunika kiti cha mbele cha pembeni, akaliwasha. Wakatoka Ibra mfululizo, yeye mbele, Landkruza ya mwanawe nyuma yake, na ya mume wa Shatha nyuma ya hiyo. Kwenye kioo aliwaona wote, wajukuu wakirushiana peremende, mkwe wake akicheka, midomo ikienda. Damu yake yote ilikuwa kwenye barabara hiyo moja na hakuna aliyekuwa pamoja naye. Hakuwahi kuwa mpweke namna ile hata ndani ya nyumba tupu, kwa sababu nyumba tupu haikuchekei kwenye kioo.

Al Kamil wakasimama kwenye mkahawa wa pembeni mwa barabara, chai ya maziwa na mikate ikaletwa magarini. Sleyum hakushuka. Shatha akaja na gilasi yake, akainama dirishani.

"Chai, Baba."

"Weka." Kisha likamtoka, na kwa hasira. "Nini aibu ya gari langu, Shatha? Mlikulia humu. Mmekula humu, mmetapika humu. Leo hata Sur hamuwezi kunisindikiza?"

Shatha akabaki na gilasi mkononi. "Aibu? Baba, wallahi, nani amesema aibu?"

"Basi kwa nini hampandi?"

"Tutakaa wapi?" Akaelekeza kidole kwenye kiti cha mbele. "Kisutu cha Mama kiko pale. Kile cha harusi yake. Tokea siku ya tatu ya matanga umekiweka. Asaad akasema, huyu Baba anataka kuwa peke yake na Mama humu, tusimuingilie. Tukaambiana hata watoto, msipande gari ya Babu. Sisi tulifikiri hiyo ni heshima."

Sleyum akaitazama ile kanga ya kisutu, nyekundu na nyeusi, miraba yake imeanza kufifia. Alicheka, kicheko kikavu cha mtu aliyedhulumiwa. Miaka minne!

"Subhanallah! Heshima gani? Hii naifunikia ngozi, mwanangu. Jua la Ibra hili, ngozi ingepasuka. Na nyinyi mna midomo, mlishindwa kuniuliza?"

"Wewe ulishindwa kutwambia."

Akakubali kwa kichwa, maana hilo lilikuwa kweli. Tayari alikuwa na furaha, mkono umeshalikamata pindo la kanga aitoe, binti yake akae. Shatha alikuwa amechungulia nyuma.

"Na huku, Baba? Mbona hukufunika?"

Sleyum akageuka. Ngozi ya viti vya nyuma ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mkulima, kutoka dirisha mpaka dirisha, na pamba inachungulia. Jua lile lile, gari lile lile. Alikuwa akiliosha kila wiki, na siku zote alikuwa hakuiona. Akaiangalia kwa muda mrefu, mkono wake bado uko kwenye kanga, na mkono haukutaka kuvuta. Alijaribu. Vidole vilikataa.

"Nilikuwa nataka mtu akae hapa," alisema, na machozi yakamshuka kwenye ndevu bila ya yeye kuyazuia. "Wallahi nilikuwa nataka. Na ungekaa wewe, au Asaad, ningekuchukia. Ndiyo ukweli, mwanangu. Nisamehe."

Shatha hakuwa na Kiswahili cha jambo hilo. Alitafuta, akakosa. Akamrudishia muhudumu gilasi, akamwashiria mumewe aende tu na watoto, kisha akafungua mlango wa nyuma, akaingia, akakaa juu ya ngozi iliyopasuka, nyuma ya baba yake.

Wakaondoka. Sleyum akakohoa, akaanza na mwaka sitini na tatu. Shatha akamsahihisha jina la aliyelichora, Frua, kwa sababu alikuwa amelitaja vibaya, na yeye akafurahi kusahihishwa kuliko alivyowahi kufurahi. Wakalisema la Torino, wakalisema la Fidia, wakaukalia kitako ule uchumba wa Pinini, wakabishana kama toleo la sita lilikuwa kubwa kupita adabu. Kiti cha pembeni mwake kilikuwa vile vile. Hakikujazwa, na alijua sasa kwamba hakitajazwa.

Alijua pia kwamba keshokutwa Shatha atarudi Nizwa kwenye wanafunzi wake. Vibao vya Sur vilianza kuonekana. Asaad akawapita, akapiga honi. Mume wa Shatha akawapita, watoto wakawapungia mikono. Lori la mchanga likawapita. Injini ya silinda nane ilikuwa ikinguruma chini chini, haina haja ya kubembelezwa.

"Baba," Shatha akauliza kutoka nyuma, "gari ina nini? Imeharibika?"

"Haina kitu," alisema Sleyum, na akapunguza mwendo tena.