Modemu Iliyosinzia Mutuka

Nakumbuka asubuhi niliyofika kijiji cha Mutuka na pikipiki yangu nikakuta wafugaji wanamwaga maziwa mtaroni. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Mwanangu, siku ile nilijua kuwa maziwa nayo ni vivyo hivyo, hasa ukiwa wewe ndiye uliyeyamwagisha.

Nilikuwa fundi kijana wa elektroniki, nina meza yangu ya kazi pale Bonga na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Tenki la kupozea maziwa la Mutuka nilikuwa nimelifungia kifaa: umeme ukikatika, kimtumie ujumbe Mama Paskali, msimamizi wa tenki, awashe jenereta. Ndani mlikuwa na kidhibiti, yaani ile sehemu inayotoa amri, na modemu ndogo yenye laini kama simu yako. Vyote viliishi kwa betri. Modemu ikikesha macho huimaliza betri upesi, kwa hiyo nikaipangia ilale pasipo na kazi. Hapo sikukosea. Kosa lilikuwa kwenye kuiamsha.

Umeme ulipokatika, ujumbe haukufika, na maziwa ya kaya zote yakachacha.

"Ni mtandao," nikawaambia wazee, uso mkavu. Wakanikubalia, maana mtandao hauna mdomo wa kujitetea. Lakini simu ya Mama Paskali ilikuwa inashika vizuri, na nilikuwa nimeiona. Nasema hili kwa aibu.

Mezani kwangu Bonga kifaa kilikuwa hakijawahi kunigomea. Nikakifungua tenkini, nikakirudisha huko, siku tatu nikakipima, ujumbe unakwenda kila mara. Siku ya nne nikarudi nacho Mutuka, nikapita kwa Mama Paskali kuchukua ufunguo. Alikuwa amesinzia kitini, maana huamka alfajiri kukamua. Nikaingia uani nikisema kwa pumzi moja, "Shikamoo Mama Paskali naomba ufunguo wa chumba cha tenki nina haraka!"

Akashtuka. "Nani ana haraka?"

Nikarudia. Akanitazama, akajifunga kitenge chake taratibu.

"Wewe umesoma, lakini hukufundwa. Shikamoo haijaitikiwa, umeshamaliza shida zako zote! Mtu aliyelala anasikia mkia wa maneno tu. Nisalimie, ngoja niseme marahaba, ndipo uombe."

Nikacheka kwa sauti, naye akadhani namdharau, ikabidi nimwombe radhi mara mbili ndipo akanipa ufunguo. Kumbe alikuwa ameniambia ugonjwa wa modemu yangu. Kidhibiti kilikuwa kikitupa amri nzima kwenye waya wakati modemu bado inafumbua macho. Herufi za mwanzo zilipotea, na mkia uliobaki haukuwa na maana. Pale mezani sikuliona hilo kwa sababu nilikuwa naipima mfululizo, haikupata hata nafasi ya kusinzia. Haraka haraka haina baraka, na nilikuwa nimeiandika haraka hiyo kwenye programu kwa mkono wangu mwenyewe.

Nikabadilisha. Kidhibiti kipeleke kwanza ishara kwenye waya wa kuamshia, kitulie kidogo, kitume neno fupi la salamu, AT, na kisiseme lingine mpaka modemu ijibu OK. Isipojibu, kirudie salamu. Kazi ikiisha, kiiachie ilale.

Kisha nikawaita wafugaji, nikawaambia, "Wazee wangu, haukuwa mtandao. Nilikuwa mimi." Mzee mmoja akaguna. Sikujitetea. Tukakiacha kifaa kitulie mpaka modemu ilale kweli kweli, ndipo nikazima swichi kubwa ya umeme. Halafu simu ikalia ndani ya kitenge cha Mama Paskali, naye bila kunitazama akaenda kuwasha jenereta.

Mwanangu, wewe unayeanza ufundi leo, shika haya. Usiogope kukilaza chombo; kinachokesha bure hufa mapema. Ila kabla ya kukituma kazi, kiamshe na ungoje kiitike. Kipime kikiwa kimelala, si kikiwa macho mezani kwako. Na kazi yako ikiharibika, sema ni yako siku hiyo hiyo, maana aliyekubali kosa lake hurudishiwa ufunguo.

Mungu akupe mkono mtulivu na sikio la kusubiri jibu, na watu wanaokutegemea wasimwage kitu kwa sababu yako.